Bia ya msimu kwa sherehe ya masika Jinja: tangi mbili, wiki saba, watu 120

Koki_Jinja

Habari zenu ndugu. Tuna kiwanda kidogo cha bia hapa Jinja chenye ukumbi wa kuonjea. Sherehe imepangwa Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, mvua ikiwa imekolea. Tunatarajia watu 120 hivi. Wajerumani hutoa Maibock majira yao ya kuchipua, na wenzangu wanataka tutoe ya kwetu, pamoja na ale (bia inayochachuka kwenye joto) ya pasheni.

Vifaa: tangi mbili za kuchachushia za lita 120, moja tu ina mfumo wa kupoza. Chumba baridi kinabeba kegi sita za lita 19. Zimebaki wiki saba.

1. Maibock itawahi?
2. Pasheni iingie lini, na kiasi gani?
3. Umeme ukikatika siku yenyewe, tutamiminaje bila kugawa povu tupu?

---

Pipa_Mbale

Maibock haitawahi, na usijaribu kuiharakisha. Hiyo ni laga nzito, bia ya kuchachuka na kulazwa kwenye baridi: woti, yaani maji matamu ya kimea kabla ya chachu, huanza na uzito wa 1.064 hadi 1.072 ukilinganisha na maji, huchachuka wiki mbili au tatu kwenye 10°C, kisha hulazwa karibu na 0°C wiki sita au zaidi. Ukiitoa kabla ya hapo, wateja wataonja ladha ya siagi, inayotokana na kemikali ya daisetili, na salfa. Na muda wote huo tangi lako pekee linalopoza litakuwa limeshikwa na bia moja.

Bia hizo zimetokana na baridi ya kwao. Huko Bavaria amri ya 1553 ilikataza kupika bia kuanzia tarehe 23 Aprili hadi 29 Septemba, kwa kuwa joto liliiharibu. Wewe una chumba chenye 24°C hadi 28°C mchana, basi chagua bia inayopenda joto hilo. Tarehe na uwezo wa kupoza ndivyo vinavyoamua. Ladha mtaijadili baadaye.

Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya sherehe: siku 7 kegi zikiwa kwenye gesi kwa 4°C, siku 3 za kuishusha bia baridi ili ijichuje, siku 5 za tunda, siku 8 hadi 10 za kuchachuka. Hizo ni siku 25. Ongeza wiki moja kwa chachu iliyozembea au umeme uliokatika. Kwa hiyo upike wiki tano kabla, na wiki mbili za sasa ni za kutafuta kimea na matunda.

Kiasi: watu 120, glasi tatu za mililita 300 kila mmoja, ni lita 108. Weka asilimia 10 ya povu na bia inayobaki kwenye mipira ya kumiminia, inafika lita 120. Tangi la lita 120 lijaze 100 tu, povu la chachu linahitaji nafasi. Ukitoa machicha ya tunda na mashapo ya chachu utabaki na lita 90 hivi. Ongeza kegi mbili za bia yako ya kawaida, maana wapo wasiotaka kusikia habari za tunda ndani ya bia, na si wachache.

---

Mtama_Soroti

Nakubaliana na Pipa. Haya ni mapishi ya lita 100, woti ya 1.048, ikiishia 1.010 utapata kileo cha asilimia 5.

Kimea cheupe cha shayiri kilo 16, mtama mweupe usiooteshwa kilo 6. Aina ya Epuripur ni nzuri, ndiyo ile iliyoingia kwenye bia ya Eagle. Mtama unapunguza gharama ya kimea cha kuagiza na unaifanya bia iwe nyepesi mdomoni, jambo linalofaa tunda chachu. Lakini usiumwage pamoja na shayiri ukategemea utaiva. Wanga wa mtama hulainika kati ya 68°C na 78°C, wakati vimeng'enya vya shayiri, vinavyogeuza wanga kuwa sukari, vinafanya kazi vizuri kwenye 65°C. Uupike peke yake kwanza:

Saga mtama uwe chenga. Changanya na kilo 0.6 ya kile kimea na maji lita 24. Shikilia 70°C kwa dakika 15 ili uji ulegee, kisha chemsha dakika 30 ukikoroga bila kuacha, maana unashika chini upesi na ladha ya kuungua haitoki tena. Wakati huo kimea kilichobaki kiko kwenye maji lita 40, 50°C. Mimina uji humo kidogo kidogo. Ukifika 65°C au 66°C simama, hata kama uji umebaki. Uache upoe ndipo uumalizie. Ukiumimina wote kwa mkupuo unaweza kupita joto hilo na kudhoofisha vimeng'enya. Kaa dakika 60.

Mtama hauna maganda ya kuchujia, kwa hiyo woti hukwama. Tia kilo moja ya pumba za mpunga, zile ngumu za nje, zilizooshwa na kuchemshwa. Upande wa Butaleja na Bugiri mashine za mpunga zinazo tele.

Chemsha woti dakika 75 badala ya 60. Jinja iko kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka karibu 96°C, na hopsi, maua yanayotia bia uchungu, hutoa uchungu polepole zaidi kuliko jedwali linavyosema. Gramu 100 za hopsi zenye asidi ya alfa (chanzo cha uchungu) asilimia 10, mwanzoni mwa kuchemsha, zitakupa uchungu wa 20 hivi kwa kipimo cha IBU. Usizidishe. Uchungu mwingi na uchachu wa pasheni havipatani.

Pasheni: kilo 5 za rojo lisilo na mbegu, ambazo zinatoka kwenye kilo 15 hivi za matunda. Masika matunda huja na maji mengi na ukungu kwenye kikonyo. Chagua mazito yaliyoanza kusinyaa. Kamua kwa chujio na mwiko. Blenda inavunja mbegu na kuleta ukakasi. Pasha rojo hadi 72°C kwa dakika 5 ukiwa umefunika, kisha lipoze kwenye barafu. Likichemka, harufu inaondoka na pektini inaifanya bia iwe na ukungu usiotulia. Litie pale haidromita, kipimo cha uzito wa bia, inaposoma namba ileile siku mbili mfululizo, si kabla. Chachu ikiwa bado inafanya kazi, gesi inayotoka inabeba harufu yote ya tunda. Kwanza jaribu gramu 50 kwenye lita moja ya bia, uonje.

Chachu tumia ya Saison, ile bia ya mashambani ya Ubelgiji. Inavumilia 26°C hadi 30°C bila kulalamika.

---

Maabara_Kampala

Mapishi safi, ila chachu hiyo hapana. Chachu nyingi za Saison ni za aina ya diastatikasi: zinatoa kimeng'enya kinachokata dekstrini, zile sukari ndefu ambazo chachu ya kawaida huziacha. Unaona 1.010, unadhani imekwisha, kumbe inaendelea polepole hadi 1.002. Ndani ya kegi hiyo ni povu. Ndani ya chupa ni hatari. Tena inajificha kwenye mipira, gasketi na koki, na tangi linalofuata la ale ya kawaida linaambukizwa. Kwa kiwanda chenye seti moja ya mipira siishauri kabisa.

Tumia kveik, chachu ya kienyeji ya Norwe, kwa mfano aina ya Voss. Inafanya kazi kwenye 30°C hadi 38°C, inamaliza kwa siku tatu hadi tano, na ina harufu ya chungwa inayokaa vizuri na pasheni. Kasoro yake ni njaa: kwenye woti nyepesi kama hii bila chakula cha chachu inaweza kukwama. Na usiiache ipoe katikati ya kazi. Tangi lisilopoza, likifungwa blanketi, ndilo lake. Ikimaliza, hamishia bia kwenye lile linalopoza kwa ajili ya tunda na kujichuja.

---

Mtama_Soroti

Hoja ya mipira ni ya kweli. Atakayeng'ang'ania Saison atenge gasketi na mipira yake, aiwekee alama, isichanganywe kamwe. Koki_Jinja, nenda na kveik.

---

Mabomba_Entebbe

Swali la tatu. Povu linatokana na joto, si na koki mbovu, ingawa koki ndiyo hulaumiwa kila mara.

Kegi iliyo kwenye 4°C inahitaji shinikizo la takriban bar 0.8 kushikilia gesi ya kiasi cha 2.5, yaani lita 2.5 za gesi kwa kila lita ya bia. Jedwali hilo ni la usawa wa bahari. Geji yako inapima juu ya hewa ya hapo ulipo, na hewa ya Jinja ni nyepesi, kwa hiyo weka 0.9 hadi 0.95. Umeme ukikatika na kegi ikapanda hadi 25°C, gesi ileile inahitaji bar 2 ili isitoke kwenye bia. Ukishusha regyuleta, kifaa cha kurekebisha shinikizo, kwa kudhani unapunguza povu, gesi inatoka ndani ya mpira na unapata povu zaidi.

Dawa ni sanduku la barafu lenye koili ya chuma kisichoshika kutu, mita 15, kipenyo cha ndani milimita 6. Kegi inakaa nje ya friji kwenye bar 1.7 hadi 2, koili yenyewe inakula shinikizo hilo, na bia inatoka baridi bila umeme wowote. Ndani ya sanduku weka barafu pamoja na maji. Barafu tupu bila maji haigusi koili yote. Kupoza lita 60 kutoka 24°C hadi 4°C kunayeyusha kilo 15 za barafu kwa hesabu tu. Nunua 30, kwa sababu ya joto la nje na kifuniko kufunguliwa. Maji yanayoyeyuka yatoe kidogo kidogo, usiyamwage yote.

Kegi zikishafika mahali pake zisisukumwe tena, zitulie saa kadhaa. Na hema la koki liwe na sakafu ya mbao au paleti. Tope la masika na kegi ya kilo 25 ni mguu kuvunjika.

---

Koki_Jinja

Asanteni sana. Tunaacha Maibock. Moja la mwisho: wageni wakitaka kubeba nyumbani, tujaze chupa chache na sukari ya kuamsha gesi?

---

Maabara_Kampala

Piga hesabu kwanza. Gramu 4 za sukari kwa lita zinaleta kiasi kimoja cha gesi. Kilo 5 za rojo zina sukari kama nusu kilo, yaani gramu 5 kwa lita. Tunda hilo likiwa halijachachuka lote, nawe ukatia gramu 6 za sukari kwa lita, jumla ni 11: kiasi 2.75, juu ya 0.8 iliyokuwemo tayari. Unapita 3.5, na chupa ya kawaida ya bia haifai kuzidi 3.

Kwa hiyo haidromita isome namba ileile siku tatu mfululizo baada ya tunda, ndipo utie gramu 6 kwa lita. Chupa za kuuza nje ya ukumbi ziulizie UNBS (shirika la viwango la Uganda) na URA (mamlaka ya mapato) mapema, bidhaa mpya ina taratibu zake. Pamoja na za kioo jaza chupa moja ya plastiki ya soda na uibonyeze kila siku. Ikigeuka ngumu kama jiwe, zote ziingie kwenye baridi siku hiyohiyo, na wa kuzifungua avae miwani.