Re: Fiktion inaisha tarehe 14, Termin hakuna

Dada wa Tanga, Jumatatu usiku

Hamjambo ndugu zangu. Mdogo wangu yuko Ausbildung (mafunzo ya kazi) hapa Ujerumani mwaka wa pili, Fiktion yake, ile karatasi ya muda ya kusubiri kibali cha ukaaji, inaisha tarehe 14 na ABH (ofisi ya wageni) ya mji wetu hawajibu barua pepe wala hawapokei simu. Mtandaoni Termin (miadi) ya karibu ni mwezi wa tatu. Bosi wake keshasema bila karatasi mpya asikanyage kazini tarehe 15. Juu ya hayo, kuna timu ya Landesliga (ligi ya ridhaa) imemchukua acheze mshambuliaji wa kati, na Spielerpass (leseni ya mchezaji) haitoki kwa sababu ITC, cheti cha uhamisho wa kimataifa kutoka chama cha mpira cha nyumbani, inasubiriwa tangu Agosti. Ana miaka 20, kila Jumapili anakaa pembeni akiokota mipira. Aliyepitia haya alifanyaje? Twende mlangoni alfajiri au tumwone wakili?

Baba Pacha, Offenbach

Pole sana dada. Mimi 2022 nilipewa Fiktion tatu mfululizo. Pacha wangu wakazaliwa katikati, Kindergeld (posho ya watoto) ikasimama miezi minane, tukaishi kwa mshahara wa mke wangu peke yake. Nilituma Einschreiben (barua za rejista) tatu kimya, ya nne ndiyo ikajibiwa. Tunza risiti zote.

Mama wa Mannheim

Baba Pacha, hakuuliza Kindergeld. Dada, tuambie kwanza: Fiktion ni ya kifungu cha 81 cha sheria ya ukaaji, Absatz (ibara ndogo) ya 3 au Absatz ya 4? Hayafanani hata kidogo, na watu humu wanashauri bila kuuliza.

Mzee wa Griesheim

Wanangu, nimesoma habari ya huyu kijana nikamkumbuka Cha Bum-kun. Nilikuja Darmstadt kusoma mwaka 1977. Desemba 1978 SV Darmstadt 98 walimsajili, mshambuliaji wa timu ya taifa ya Korea Kusini, miaka 25, mbio zake hujapata kuziona. Akacheza mechi moja, dhidi ya Bochum, tarehe 30 Desemba. Moja tu! Alikuwa bado mwanajeshi wa anga kwao, na aliporudi Januari jeshi likasema muda wake haujaisha. Akakaa kambini mpaka mwisho wa Mei 1979. Darmstadt wakashuka daraja bila yeye.

Kilichomzuia si Ujerumani. Ni karatasi ya kwao. Kwa hiyo dada, hiyo ITC usiichukulie kama jambo dogo la pembeni. Wajerumani utawaandikia, watachelewa, lakini watajibu. Nyumbani ni lazima mtu aende mwenyewe akae kwenye benchi la ofisi mpaka wasaini.

Na huyo Cha hakupotea. Kiangazi hichohicho Eintracht Frankfurt wakamchukua, na Mei 1980 wakabeba Kombe la UEFA.

Kaka wa Köln

Na bao la ushindi kwenye fainali alifunga yeye.

Mzee wa Griesheim

Hapana kijana. Nilikuwa Waldstadion, uwanja wa Frankfurt, tarehe 21 Mei. Aliyefunga ni Fred Schaub, aliingia kama mchezaji wa akiba, dakika ya 81. Mechi ya kwanza tulikuwa tumefungwa 3-2 kule Mönchengladbach, hiyo 1-0 ikatosha kwa mabao ya ugenini. Bao la Cha unalolifikiria ni la fainali ya 1988, huko kwenu upande wa Rhine.

Kaka wa Köln

Sawa Mzee, shikamoo, nimechanganya. Leverkusen walipigwa 3-0 na Espanyol ugenini, wakarudisha zote tatu nyumbani, la tatu likawa la Cha kwa kichwa, wakachukua kombe kwa penalti. Lakini naomba watu wasiseme alikuwa wa Frankfurt tu. Mechi zake za Bundesliga ni 308 na mabao 98: Frankfurt 46, Leverkusen 52. Msimu wa 1985/86 peke yake 17. Na katika hayo 98 hakuna hata moja la penalti.

Mama wa Mannheim

Absatz 3 au 4?

Mjomba wa Mombasa, sasa Kassel

Mnanigusa. Mwanawe Cha Du-ri alizaliwa Frankfurt 1980, akachezea Korea Kombe la Dunia 2002. Zamani hizo kuzaliwa hapa hakukukupa pasipoti, sheria ilibadilika 2000. Tangu 27 Juni 2024 Mjerumani hakulazimishi tena kuacha uraia wako wa kwanza. Sisi Wakenya tuna uraia pacha tangu katiba ya 2010. Nyinyi Watanzania mnasubiri nini?

Baba Pacha, Offenbach

Mjomba, hatusubiri kwa kupenda. Hadhi maalumu inayotolewa kwetu kwa wenye asili ya Tanzania si uraia. Pacha wangu siku moja watalazimika kuchagua kati yangu na hapa walipozaliwa, na mimi mzazi siwezi kuwaeleza kwa nini.

Mzee wa Griesheim

Ndilo linaloniuma. Cha alirudi kwao, akaiongoza timu ya taifa Ufaransa 1998. Wakafungwa 5-0 na Uholanzi, wakamfukuza mashindano yakiwa hayajaisha. Mtu aliyevunjwa mgongo kwa rafu ya beki wa Leverkusen 1980, akapona, akaenda kucheza Leverkusen hiyohiyo bila kinyongo.

Nilipokuwa napiga deki hospitalini usiku, kulikuwa na manesi wa Kikorea. Walikuja kwa mkataba, kama wanaume zao wachimba makaa ya mawe, kuanzia miaka ya sitini. Jumamosi redio ikitaja jina lake walisimama na trei mkononi, wengine machozi yanawatoka. Mmoja alinipa kimchi kwenye kopo la jemu. Nikaila na ugali wa semolina, nikakumbuka achari ya mama yangu Pangani. Nina miaka 69 sasa na bado nikila chochote chenye siki na pilipili namwona amechuchumaa uani.

Dada wa Tanga, Jumatano asubuhi

Ahsante Mzee. Mjomba wetu wa nyumbani ameshaingia basi la saa kumi na mbili kwenda kufuata ITC, amebeba chakula cha siku mbili. Mama wa Mannheim, nimeangalia: ni Absatz 4. Sasa inamaanisha nini kwa kazi yake tarehe 15?

Kaka wa Köln

Mzee, na Gelsdorf aliyemvunja, si ndiye walikuja kucheza timu moja?