Familia ya Oli: Arobaini ya Shangazi Mwalimu

JUMANNE

Salama: Asalaam aleikum wana Oli. Arobaini ya Shangazi Mwalimu inatimia Jumamosi hii. Nimeshaongea na maalimu, khitma itaanza baada ya Adhuhuri. Bado hatujapata mchele, mafuta, kuni, hema mbili na kitoweo. Mchango ni 50,000 kila nyumba. Tafadhali mjibu, msisome tu na kupita.

Salama: La pili. Baada ya dua nataka azungumzwe. Si ile ya kuzaliwa, kusoma, kuajiriwa, kustaafu. Kila mtu alete kitu kimoja alichokiona kwa macho yake. Nina daftari, naandika yote.

Hamza: Waleikum salaam dada. Niko kazini, jioni naandika.

Salama: Tumejaa humu kama mtaa mzima, aliyeitikia salamu ni Hamza peke yake. Kwenye mazishi mlilia kuliko wote.

Zubeda: Tupo dada. Bando lilikuwa limekwisha.

Hamza: Mimi nimeitikia kwa kuogopa maksi. Mnakumbuka ukiandika "xaxa" humu? Shangazi anakurudishia ujumbe wako mzima umesahihishwa, na chini yake 3/10, Rudia.

Zubeda: 😂😂 Mimi siku ya Idi alinipa 6. Nikamwonyesha hadi mume wangu.

Rajabu: Iddi hajawahi kuvuka 4.

Hamza: Na ile "R" ya Rajabu je? Aliirudia kwenye mchanga mpaka magoti yakachubuka.

Rajabu: Wewe ulikuwa hujazaliwa, nyamaza.

Salama: Haya, yameingia kwenye daftari. Sasa tusikilizane. Simu ya Shangazi iko kwa nani? Wanafunzi wake wa zamani wametuma rambirambi kwenye laini yake. Mmoja amenipigia kutoka Pakwach anauliza kama imefika. Nilikosa la kumjibu.

Zubeda: Siku ya matanga niliiona juu ya kabati la vyombo.

Salama: Sasa haipo.

Iddi: Ninayo mimi, huku Bombo karibu na Kampala. Niliichukua isipotee na ule umati.

Salama: Wiki zote hizi umekaa kimya?

Hamza: Jaribu kuifungua basi. Namba ya siri itakuwa 1997.

Zubeda: Aa, 1997 ndio mwaka uliomchosha. Serikali ya Uganda ilifuta karo ya shule za msingi, watoto wakamiminika. P1 yake, darasa la kwanza, ikavuka mia, wengine wanakaa dirishani. Nilikuwa nampelekea uji saa nne, namkuta amebeba mtoto wa mtu mgongoni huku anafundisha kuhesabu. Na majina yao wote aliyajua kabla muhula haujaisha.

Hamza: Basi 2022. Baraza la mawaziri lilipopitisha Kiswahili kifundishwe shuleni, si alinunua soda za mtaa mzima?

Rajabu: Alinunua. Akasema amekisubiri tangu ujana wake, sasa kimekuja yeye ameshastaafu.

Iddi: 1997 imekataa. 2022 nayo imekataa.

Salama: Iddi!! Acha hapo hapo! Ukikosea tena laini itafungwa. Hapo tutaambiwa tulete cheti cha kifo na barua za mirathi kutoka mahakamani, na Jumamosi ni keshokutwa tu.

Hamza: Leo Jumanne dada 😅

Salama: Hamza sicheki. Hizo ni pesa walizotoa watu kwa heshima yake. Mwingine anaendesha boda, ametoa 5,000. Simu hiyo hukupewa na mtu Iddi, uliibeba.

Iddi: Sema unachotaka kusema.

Salama: Nasema mabati nayo yalikwenda hivyo hivyo.

Rajabu: Salama, hayo tuyaache.

Salama: Tuyaache mpaka lini? Aliuza kiwanja cha kule Ediofe mtu asome Kampala. Mtu akasoma, akaahidi mabati. Mvua ilimnyeshea mwalimu wa watu misimu miwili, mabeseni sebuleni. Nilikwenda kukopa kwenye chama changu, na mkopo huo nalipa hadi leo.

Iddi: Pesa ya mabati niliituma. Muulizeni aliyeipokea.

Zubeda: Yaarabi.

Iddi: Yuko humu humu. Anasoma.

Salama: Rajabu?

JUMATANO

Jirani Adiru: Habari zenu. Samahani nimechelewa, nilikuwa shambani. Salama aliniunganisha humu, natoa langu. Mimi ni mtu wa kanisa lakini Mwalimu alikuwa wangu pia. Tulipokimbilia Sudan baada ya Amin kuanguka, tulikaa upande wa Yei. Shule hakuna. Mwalimu aliomba mbao za sanduku, akaziunganisha, akazisugua kwa mkaa uliotwangwa na majani ya muhogo mpaka zikawa nyeusi. Huo ndio ubao wetu, tukautundika kwenye mwembe. Chaki ilikuwa kipande cha muhogo mkavu. Siku moja aliniita nikaandike jina langu. Njaa ilinizidi, nikaila chaki mbele ya darasa. Watoto wakacheka. Mwalimu alitoa kipande kingine kwenye fundo la kanga yake, akakivunja. Akaniambia, nusu hii kula, nusu hii andika. Nikaandika. Binti yangu leo anafundisha kwa sababu hiyo. Viti vya plastiki kumi nitaleta mimi.

Zubeda: Nimelia hapa sokoni mbele ya wateja.

Hamza: Mama Adiru, hili sikuwahi kulisikia nyumbani.

Salama: Hakuwa mtu wa kujisimulia. Mama Adiru, hayo ninaomba uyaseme mwenyewe Jumamosi, mimi sitaweza kuyasoma.

Baba Mkubwa: Wanangu, mjukuu amenisomea maneno yenu yote. Mdogo wangu tulipomlaza, nilisimama pale kaburini nikauliza nani anamdai, na nani ana deni lolote kwa ajili yake. Mlinyamaza wote. Mlionyamaza mbele ya kaburi msidaiane mbele ya simu. Iddi, niletee simu hiyo mkononi mwangu Ijumaa kabla ya Magharibi. Rajabu, njoo naye, gari moja, mkae kiti kimoja kutoka Kampala mpaka hapa. Salama, kazi yote hii umeibeba wewe na Mungu anaiona. Daftari la kumbukumbu lete. Habari ya mabati nitaisikiliza mimi, baada ya wageni kuondoka.

Iddi: Sawa Baba.

Salama: Nimesikia Baba Mkubwa.

Zubeda: Nasi tumesikia.

ALHAMISI

Salama: Asalaam aleikum. Shule imekataa kutoa madawati, yameshapangwa kwa mtihani wa P7. Haki yao, hata Shangazi asingekubali yaguswe. Kwa hiyo tuna viti kumi vya Mama Adiru na mikeka ya msikiti. Hema moja imepatikana. Mchango wametoa nyumba nne. Rajabu, unakuja?

Hamza: Mimi natuma leo usiku. Wallahi.

Zubeda: Mchele kilo 20 nimeshanunua, utaingia kwenye basi la jioni. Mbuzi ni wangapi?

Iddi: Mimi naona ng'ombe mmoja mdogo. Watu watakuja wengi, amefundisha nusu ya mji.

Salama: Ng'ombe kwa pesa gani Iddi?

Rajabu: Nakuja. Nimekata tiketi mbili, basi la saa tatu usiku, kupitia Karuma. Iddi tukutane kituoni.

Mama Aisha (Koboko): Asalaam aleikum ndugu zangu, mtandao wetu ulikuwa umelala. Nimesoma kuanzia juu. Namba ya siri ya simu naijua, alinipa mwenyewe alipokuwa ananituma dawa. Siiandiki humu, nitamnong'oneza Baba Mkubwa. Nakuja kesho na samaki wa angara, wakavu, gunia dogo. Mmekubaliana ng'ombe au mbuzi?

Salama: Bado. Angara lete dada. Na hema ya pili, huko Koboko inaweza kupatikana?

Mama Aisha (Koboko): Ya bluu ipo, lakini mwenyewe anataka dereva wa kuirudisha Jumapili.

Salama: Nani ana gari Jumapili?