Tunaotumia dawa za presha: ilikusumbua vipi, ukafanyaje?

Dereva wa Mbagala: Wakuu, nina miaka 52. Nilianzishiwa amlodipini, mwezi wa pili nikapima 128/80, nikajiona nimepona, nikaacha. Baada ya wiki tatu kichwa kinagonga, kipimo 190/110. Daktari akaniambia ile 128 ilikuwa kazi ya kidonge, si yangu. Nimerudia dawa, wameniongezea hadi miligramu 10, sasa jioni miguu imevimba hata viatu havipandi. Kuna mwenzangu?

Bi Mkubwa Tanga: Pole mwanangu. Ni hiyohiyo amlodipini, hulegeza mishipa ya damu, maji yakavuja na kutuama kwenye vifundo. Mimi nilikimbilia duka la dawa wakaniuzia Lasix, dawa ya kukojoza. Nikashinda chooni, misuli ikanikaza usiku, na miguu ikabaki vilevile! Kliniki ndio walinipunguzia kutoka 10 hadi 5, wakaongeza losartani. Sasa navaa kandambili zangu bila shida.

Kikohozi Sugu: Mimi nilikohoa miezi minne, kikavu, usiku silali. Makohozi yakapimwa TB, hakuna. Antibaiotiki mara mbili, tangawizi na asali ndio usiseme. Nesi mmoja tu ndiye aliyeuliza: "Presha unatumia dawa gani?" Enalapril. Kumbe pamoja na kuzuia homoni inayobana mishipa, huacha kemikali fulani ikijaa mwilini na kuwasha koo. Losartani huizuia homoni hiyo kwa njia nyingine, kwa hiyo walipobadilisha, wiki ya tatu kimya. Mke wangu alitaka kuzitumia zile enalapril zilizobaki, nikamkatalia kwa sababu alikuwa mjamzito. Baadaye kliniki wakasema hizi mbili zote humdhuru mtoto tumboni.

Nesi Mstaafu: Wanaotumia atenolol msiikate ghafla, moyo unaweza kwenda mbio na kifua kubana. Mwenye pumu aseme kabla hajaandikiwa. Ila wewe dereva, nikuulize: mgongo haukuumi? Unameza nini?

Dereva wa Mbagala: Umejuaje, mama? Diclofenac, karibu kila siku. Ipo hapa kwenye gari.

Nesi Mstaafu: Hiyo hushikilia chumvi na maji, presha inapanda, miguu nayo inavimba. Ukichanganya na losartani na dawa ya kukojoza, figo zinaumia. Ulimwambia daktari?

Dereva wa Mbagala: Hakuniuliza, nami sikuona kama ni dawa. Kliniki ni Alhamisi, nabeba vyote kwenye mfuko.