Gepu ya kuzunguka kwa koili ya Tesla: sinkronasi au asinkronasi?

koili_mpya: Wakuu, gepu ya kusimama ya koili yangu (ile nafasi ya kurukia cheche) ikishapata moto cheche inageuka ya kulehemu na radi inafupika. Kesho kutwa naagiza mota ya gepu ya kuzunguka. Ninunue sinkronasi, inayokwenda sambamba na mawimbi ya umeme, au nitumie tu grainda iliyopo stoo, yaani asinkronasi, isiyoyafuata?

fundi_cheche: Transfoma gani? Kapasita ngapi? Hz 50 au 60? Unaomba dawa mgonjwa umemficha.

koili_mpya: Samahani mkuu. Transfoma ya taa za neoni, kilovolti 15 miliampia 30, Hz 50. Kapasita nanofaradi 10 hivi.

fundi_cheche: Grainda sahau. Mota ya mizunguko 1500 kwa dakika ni 25 kwa sekunde, diski ikiwa na ncha 4 za kurushia cheche unapata cheche 100, yaani kila kilele cha umeme na cheche yake. Ila kapasita ongeza, resonansi yako (kapasita inayolingana na transfoma mpaka volti zinapanda kupita kiasi) iko kama nanofaradi 6.4, kwa sinkronasi nenda mara mbili na nusu, 16 hivi.

msumeno: Mi asinkronasi siachi, cheche 400 kwa sekunde radi inajaa kama kichaka.

fundi_cheche: Wewe una transfoma ya nguzo ya umeme, lidude kubwa, usimponze mwenzio.

babu_bolti: Mimi niliponzwa hivyo hivyo. Grainda, transfoma ya neoni, gepu ya usalama (ya kumwaga volti zikizidi) sijaweka, nikapunguza mwendo nisikie sauti tu, kumbe ncha zinapishana na kilele, kapasita haimwagi, volti zinazidi kupanda, mara nasikia harufu ya lami, waya wa ndani umekwisha. Sijakoma, nikapata transfoma nyingine, diski nimekata ya akriliki. Ikalainika kwa joto, ncha ikachomoka ikapanda kwenye silingi bodi, mpaka leo ipo. Sasa natumia glasifaiba na kava ya chuma.

msumeno: Hilo kosa la diski sio la asinkronasi. Ncha zilikuwa za nini?

babu_bolti: Tangsteni za kulehemu, za alama nyekundu.

waya_shaba: Nyekundu zina thoriamu, kitu cha mionzi, vumbi lake ukizinoa usivute!! Chukua za lanthanamu.

msumeno: Thoriamu kiduchu hiyo, ozoni ya gepu itakumaliza kwanza.

waya_shaba: Kwa hiyo tuvute vyote?

koili_mpya: Jamani mota... nina ya induksheni ya 1500, rota (kile kiini kinachozunguka) nikiipiga tupa pande 4 si inakuwa sinkronasi?

fundi_cheche: Inakuwa, ila pande zilingane, la sivyo itatetemeka. Na nguvu inapungua. Diski yako ina kipenyo gani?

koili_mpya: Diski bado sijakata