Gesi iliyomo mwambani na gesi itakayotoka: hesabu yake ikoje?

Mkaazi wa Wete: Assalamu alaykum. Kila ikitajwa gesi iliyogunduliwa Tanzania Bara husikika futi za ujazo trilioni 57, na barazani kwetu watu wameshaigawa mpaka senti ya mwisho. Nifahamuvyo, hicho ni kiasi kinachokadiriwa kuwamo ardhini. Kitakachotoka huhesabiwa vipi?

Bi Mwamba: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Umefahamu sawa. Jaza kopo mchanga mkavu wa pwani, kisha mimina maji taratibu: kopo hilo lililokwisha kujaa litapokea maji thuluthi ya ujazo wake au zaidi. Gesi hukaa katika vitundu kama hivyo, ingawa vya mwamba ni vidogo zaidi na baadhi vimeshikwa na maji. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, tabaka la mwamba lenye gesi lina kilomita za mraba 20 na unene wa mita 30, yaani mita za ujazo milioni 600. Vitundu vikiwa asilimia 20 tunabaki na milioni 120, na maji yakichukua asilimia 30 ya hizo, gesi inapata milioni 84. Ikitoka kwenye mgandamizo wa baa 200 (baa moja ni karibu sawa na mgandamizo wa hewa tunayovuta) hutanuka mara 180 hivi, ndipo tupate bilioni 15. Kosa kubwa kwa kawaida limo katika eneo, kwa sababu mitetemo inayotumwa ardhini na kupokewa ikirudi huonesha umbo la tabaka, lakini visima ndivyo vinavyothibitisha gesi imeishia wapi.

Nahodha: Kumbe ni kama mtungi wa jikoni, unatumia mpaka uishe?

Bi Mwamba: Hapana, mwanangu. Ule una gesi iliyogeuzwa kimiminika, na mgandamizo wake haushuki sana mpaka ukaribie kwisha. Tazama chupa ya hewa ya wazamiaji wa Misali, ambayo mshale wa geji yake hushuka kila wanapovuta pumzi. Vivyo hivyo, tabaka la mfano wetu likishuka mpaka baa 40, asilimia 80 hivi itakuwa imeshatoka, yaani bilioni 12, na iliyobaki hukosa nguvu ya kutosha kujisukuma bombani bila ya mashine. Maji ya chini yakipanda kwa kasi huizingira gesi vitunduni ingali imebanwa sana, na mavuno huweza kushuka mpaka asilimia 60 au pungufu.

Mkaazi wa Wete: Na pale kisima kinapoanza kuzalisha, kama kwenye gesi ya kisiwa cha Songo Songo tangu 2004?

Bi Mwamba: Hapo tabaka lenyewe hutoa ushahidi. Mgandamizo hupimwa kila baada ya muda, hurekebishwa kwa tabia halisi ya gesi, kisha huchorwa dhidi ya jumla ya gesi iliyokwisha kutoka. Mstari ulionyooka ukiendelezwa hadi mgandamizo wa sifuri huonesha kiasi kilichokuwemo tangu mwanzo. Ukianza kupinda kwenda juu, usiharakie kufurahi: huenda ni maji yanayopanda.