Naomba ushauri: vitamu vya Idi, watoto na bibi mwenye kisukari

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Kwetu Unguja, Idi el-Fitri haikamiliki bila halua, visheti, vileja na kaimati zilizopakwa shira, na katika kila nyumba wanayoingia kutoa mkono wa Idi watoto hupewa sahani nyingine, hata kufikia magharibi huwa wamekula sukari isiyo na hesabu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sukari ya kuongezwa ibaki chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani takribani gramu 50 kwa mtu mzima.

Mama mkwe wangu ana kisukari, na kinachoniumiza zaidi ni kumwona amekaa pembeni akitazama sahani zikipita, ilhali ndiye aliyetufundisha sote kupika halua. Kupiga marufuku sitaki, kwani kukataa sahani ya jirani siku ya Idi ni kumvunjia heshima. Nimefikiria kukata halua vipande vidogo na kuitoa baada ya pilau pamoja na kahawa chungu, lakini watoto hawanywi kahawa. Je, wenzangu mnapangaje, na mgonjwa mnamshirikishaje bila kumdhuru?