Ruta mpya imekataa kompyuta ya mezani, simu zote zinapata mtandao. Naombeni ushauri kabla sijapiga Windows

Mama Steshenari
Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari ndogo karibu na stendi hapa Korogwe. Kompyuta ninayoitegemea ni Dell OptiPlex 780 yenye Windows 7. Ni ya zamani, lakini printa ya leza imeungwa kwake kwa waya wa USB, na mafaili yote ya wateja yamo humo: barua, maombi ya kazi, mitihani ya shule tatu.

Wiki mbili zilizopita radi ilipiga, ruta niliyokuwa natumia ya waya wa simu ikaungua. Nimenunua ruta ya laini, ya 4G. Simu yangu inaingia, ya kijana wangu wa kazi inaingia, laptopu inaingia. Hii ya mezani ndiyo imegoma. Waya wa mtandao nimeuchomeka kama ulivyokuwa mwanzo, taa ya nyuma inawaka kijani, ila pembeni chini ya skrini kuna pembetatu ya njano yenye alama ya mshangao.

Fundi wa kwanza alisema kadi ya mtandao imeungua na radi. Wa pili akasema Windows imechoka, aipige upya. Kabla sijamruhusu mtu afute chochote, naombeni anayejua anielekeze. Mimi si mtaalamu, ila nikiambiwa bonyeza hapa, nabonyeza.

Kijana wa Mitambo
Dada yangu, hiyo mashine imekula chumvi nyingi. Hamisha mafaili kwenye flashi, piga Windows 10, kila kitu kitakaa sawa. Mimi nimefanya hivyo kwa wateja wengi na mtandao ukarudi siku hiyohiyo.

Mzee wa Kebo
Mwanangu, usipige Windows bado. Na kadi usinunue. Taa ikiwaka kijani maana yake kadi na tundu la ruta vinaonana. Kadi iliyouawa na radi mara nyingi hata hiyo taa haiwashi.

Kwanza tujue kompyuta imejipa anwani gani. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika cmd, gonga Enter. Litafunguka dirisha jeusi. Andika ipconfig /all na ugonge Enter tena. Tafuta kadi ya waya, nakili namba ya IPv4 (anwani ya mashine), ya maski, ya lango (njia ya kutokea, yaani ruta) na ya DNS (anayetafsiri majina ya tovuti kuwa namba). Angalia pia mstari wa DHCP kama unasema ndiyo au hapana. Kisha fanya hivyohivyo kwenye laptopu inayopata mtandao. Tuletee zote mbili.

Mama Steshenari
Shikamoo mzee wangu. Nimefanya.

Ya mezani: IPv4 192.168.1.20, maski 255.255.255.0, lango 192.168.1.1, DNS 192.168.1.1. DHCP inasema hapana.

Laptopu: IPv4 192.168.8.101, maski 255.255.255.0, lango 192.168.8.1, DNS 192.168.8.1. DHCP inasema ndiyo.

Mzee wa Kebo
Marahaba. Sasa soma hizo namba kama unavyosoma anwani ya nyumba. Maski ya 255.255.255.0 inasema hivi: namba tatu za mwanzo ni mtaa, ya mwisho ni namba ya nyumba. Laptopu yako iko mtaa wa 192.168.8, nyumba ya 101. Ya mezani iko mtaa wa 192.168.1, nyumba ya 20. Ruta mpya imejenga mtaa wa 8. Ule wa 1 umekufa pamoja na ruta iliyoungua. Kompyuta yako imekaa kwenye mtaa usio na mtu, na inabisha hodi kwenye lango la 192.168.1.1 ambalo halipo tena.

Hiyo "hapana" ya DHCP ndiyo inayonionyesha kilichotokea. DHCP ni utaratibu wa ruta kugawa anwani: kifaa kikiwashwa kinapaza sauti kuomba, ruta inakipa anwani ya kutumia kwa muda, inakitajia lango na DNS. Simu zote zinaomba, ndiyo maana ruta mpya imezipokea. Kompyuta yako ilishaambiwa isiombe. Kuna mtu aliiandikia anwani kwa mkono. Unakumbuka?

Mama Steshenari
Nakumbuka mzee. Kuna kijana aliniungia laptopu ichape kupitia hii ya mezani, kwa sababu printa yenyewe haina waifai. Aliandika hizo namba kwenye karatasi akaibandika chini ya meza. Nimeinama sasa hivi kuangalia, bado ipo: 192.168.1.20, kwa kalamu nyekundu.

Mzee wa Kebo
Basi hakufanya kosa. Alitaka laptopu iikute printa mahali palepale kila siku. Ila ruta ikibadilika, namba hizo lazima ziguswe.

Bonyeza tena Windows na R, andika ncpa.cpl. Utaona kadi zako za mtandao. Ya waya, bonyeza kulia, ingia kwenye sifa zake, chagua mstari wa toleo la 4 la IP, fungua sifa za huo mstari. Weka alama kwenye chaguo la juu kabisa, linalosema ijipatie anwani yenyewe. Kubali, toka, subiri nusu dakika, rudia ipconfig.

Mama Steshenari
Nimefanya mzee. Sasa inasema 169.254.77.12, maski 255.255.0.0, na lango ni tupu. Ni mtaa gani huo tena? Na mtandao bado.

Saiba Likoni
Dada, pole na hiyo radi. Mimi nina saiba hapa Mombasa, mashine 9, na hiyo 169.254 nimeiona mpaka basi. Maana yake kompyuta imepaza sauti kuomba anwani, hakuna aliyejibu, ikaamua kujipa yenyewe. Windows ndivyo ilivyo. Ukiona 169.254 jua kompyuta iko tayari kupokea, ila sauti yake haifiki kwa mgawaji.

Geuza ruta uangalie nyuma. Ruta nyingi za laini zina matundu mawili au zaidi, na moja lina rangi tofauti au maandishi ya WAN. Hilo ni la kupokea mtandao kutoka nje, kama ungekuwa na waya wa faiba. La kompyuta linaandikwa LAN. Ukichomeka kompyuta kwenye WAN, taa itawaka vizuri kabisa na anwani hutapata.

Mama Steshenari
Kaka yangu Mungu akubariki. Nilichomeka kwenye tundu la bluu kwa sababu ruta ya zamani waya ulikaa kwenye tundu la kwanza kutoka kushoto, na mimi nikafuata mazoea. Nimehamishia la njano. Sasa ni 192.168.8.103, lango 192.168.8.1. Ila kurasa bado hazifunguki, inasema haiwezi kuipata seva.

Mzee wa Kebo
Tumefika karibu. Kwenye dirisha jeusi andika ping 8.8.8.8 uone kama majibu yanarudi. Hiyo ni seva ya DNS ya Google, nayo hujibu kwa namba, haihitaji jina.

Mama Steshenari
Yamerudi manne, milisekunde 60 hadi 90.

Mzee wa Kebo
Basi njia ipo, kilichokosekana ni wa kutafsiri majina. Rudi palepale kwenye sifa za IP toleo la 4. Dirisha lile lina sehemu mbili, ya juu ni ya anwani na ya chini ni ya DNS, na kila moja ina chaguo lake. Ulibadilisha ya juu. Ya chini bado ina 192.168.1.1 ya ruta iliyokufa, kwa hiyo kompyuta inauliza majina kwa marehemu. Weka nayo ijipatie yenyewe. Kisha kwenye dirisha jeusi andika ipconfig /flushdns ili isahau majibu ya zamani.

Kijana wa Mitambo
Mzee, naomba kuuliza kwa nia ya kujifunza. Mbona mimi nikipiga Windows upya mtandao hurudi? Ina maana wateja wangu wote walikuwa na tatizo hili?

Mzee wa Kebo
Si wote, ila wengi yawezekana. Windows mpya inakuja ikiwa imewekwa kuomba anwani yenyewe, na ile iliyoandikwa kwa mkono inafutika na vingine vyote. Kwa hiyo kweli inapona. Lakini mteja anapoteza programu zake, draiva ya printa na mpangilio wa kuchapa, kwa ajili ya namba chache ambazo ungezirekebisha kwa dakika 5. Kijana wangu, ukifika kwa mteja anza na ipconfig. Haigharimu kitu.

Kijana wa Mitambo
Nimekuelewa mzee. Nimeandika.

Mama Steshenari
Mtandao umeingia! Nimefungua barua pepe ya kwanza baada ya wiki mbili. Lakini kila tovuti nyingine inaniletea onyo kwamba muunganisho si salama na cheti hakijaanza kutumika. Ni virusi?

Saiba Likoni
Angalia tarehe ya kompyuta kabla ya yote.

Mama Steshenari
Inaonyesha 1 Januari 2009. Na sasa nakumbuka, kila asubuhi nikiwasha inaniambia saa haijawekwa, mimi huwa nagonga F1 na kuendelea.

Saiba Likoni
Hapo ndipo penyewe. Tovuti inaleta cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayoamini tuko 2009 inakiona cheti kama ni cha siku zijazo, inakikataa. Betri ya bodi imekufa. Ni ile ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032, volti 3, na hata mafundi saa huwa nayo.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani kabisa, fungua ubavu. Gusa kwanza chuma cha boksi ili umeme wa mwilini utoke. Betri utaiona imelala kwenye kikombe chake, kuna kijichuma kidogo pembeni, kisukume kwa ukucha na betri itaruka yenyewe. Mpya iweke upande wenye alama ya kujumlisha juu. Ukiwasha gonga F2, weka tarehe na saa. Ukishaingia Windows, kwenye orodha ya majira chagua Nairobi, UTC+3. Dar es Salaam hutaiona mle lakini saa ni ileile.

Mama Steshenari
Nimerudi, ni siku ya pili. Fundi saa wa hapa stendi alipima betri ya zamani kwa mita, ikasoma volti 1.1. Nilipofungua boksi nilikuta vumbi limeshikana kama pamba, na unga mweusi wa wino kwenye feni. Nimelisafisha kwa brashi ya rangi iliyo kavu. Nimeweka betri mpya, leo asubuhi tarehe imekaa na tovuti zinafunguka.

Limebaki moja. Laptopu haichapi tena. Inatafuta 192.168.1.20 ya kwenye karatasi.

Mzee wa Kebo
Hilo ni la kutegemea. Ingia kwenye ruta kwa kuandika 192.168.8.1 kwenye brauza, nywila ya kuingilia imebandikwa chini ya ruta. Angalia inagawa anwani kutoka ngapi hadi ngapi. Kama ni 100 hadi 200, ipe ya mezani 192.168.8.20 kwa mkono. Iko nje ya zinazogawiwa, kwa hiyo haitagongana na simu ya mtu.

Saiba Likoni
Mzee, kwa heshima, hapo nina mawazo tofauti. Tukiandika tena kwa mkono, siku akibadilisha ruta atarudi palepale chini ya meza. Mimi ningeiacha ya mezani ijipatie anwani, halafu laptopu iitafute kwa jina. Dada, bonyeza kulia kwenye Computer, ingia kwenye sifa, utaona jina la mashine. Kwenye laptopu bonyeza Windows na R, andika mikwaju miwili ya nyuma kisha jina hilo, hivi: \\JINA. Printa ikitokea, bonyeza mara mbili.

Kama haitokei, kuna sababu moja ninayoishuku. Windows 7 ikikutana na mtandao mpya huuliza kama uko nyumbani, kazini au hadharani. Ukichagua hadharani inafunga milango ya kushirikiana printa.

Mzee wa Kebo
Nakubali, njia ya jina ni bora kwa mtu asiye na fundi karibu. Ifuate hiyo, mwanangu.

Na jambo la mwisho, nalisema kwa uzito. Microsoft iliacha kuitengenezea Windows 7 masasisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Januari 2020, na Chrome ya mwisho inayokubali humo ni toleo la 109. Hiyo mashine ichape, iandike barua, ihifadhi kazi. Mambo ya benki na nywila zako nzito fanyia kwenye laptopu. Na mafaili ya shule yanakilishe kwenye diski ya nje wiki hii hii, maana radi hazijaisha.

Mama Steshenari
Ilikuwa hadharani kweli. Nimebadilisha ikawa kazini, nimeandika jina, printa ikatokea. Nimechapa kurasa 40 za mtihani wa darasa la sita kutoka kwenye laptopu, mwalimu amekuja kuzichukua sasa hivi.

Mzee wangu, kaka wa Likoni, na wewe kijana, ahsanteni sana. Karatasi ya chini ya meza nimeibandua. Nimebandika nyingine yenye jina la mashine, tundu la waya la ruta na tarehe ya kubadilisha betri. Diski ya nje naifuata Tanga Jumamosi.